Simba wa Kina Fitz Gosbert

Jumapili, 2 Machi 2025

Wageni wameondoka sasa hivi. Miguu inaniuma kwa kusimama, mbavu kwa kucheka.

Binti yangu Abigail alimleta baba wa mchumba wake Ethan hapa Lanham, huku ughaibuni, tujuane kabla ya posa. Anaitwa Wayne. Mzee mrefu, mpole, ame-retire kutoka kile kituo cha mambo ya anga kule Greenbelt. Nilidhani atakuja na maua. Akaja na karatasi imekunjwa kama mkeka! Akaikunjua sebuleni – ikapita kochi, ikapita meza, ikaingia jikoni. Ukoo wake wote. Juu kabisa yuko bwana mmoja Gosbert, aliyevuka bahari na jeshi la Wanormani kutoka Ufaransa kwenda kuiteka Uingereza, karibu miaka elfu iliyopita. Akapewa ngome na mashamba. Wanawe wakaitwa Fitz Gosbert. Fitz, Wayne akanieleza, ni "mwana wa".

Nikaruka. Kumbe ni arap! Arap Gosbert! Nikamwambia sisi Wanandi nasi tunaitana hivyo hivyo. Mzee wa watu akatokwa machozi. Abigail akaninong'oneza, "Mom, please don't encourage him."

Nimempenda huyu mzee. Na ugali alimaliza.

Jumatatu, 3 Machi

Kabla ya kwenda kazini nimempigia Mzee Birgen, kule nyumbani Kapsabet. Ndiye kaka mkubwa wa marehemu mume wangu. Bila neno lake hakuna harusi – Abigail mwenyewe amesema haolewi bila baraka za kwa baba yake.

Akauliza kijana ni wa ukoo gani. Nikajibu kwa maringo: arap Gosbert, wanajulikana tangu enzi za wafalme. Akafurahi! Mzungu anayejua ukoo wake, hajawahi kusikia. Basi mnyama wa ukoo wao ni nani?

Hapo ningenyamaza. Mdomo wangu huu! Nikasema: simba, tena wa dhahabu, wamemchora kwenye ngao, nimemwona juu ya karatasi ya Wayne.

Akaniambia nirudie. Nikadhani network ni mbaya, nikarudia.

"Mama Abigail," akasema polepole, "sisi pia ni simba. Huyo kijana ni ndugu yake Abigail."

Akakata simu.

Jumatano, 5 Machi

Nimemwambia Abigail ndani ya gari, kwenye jam ya barabara ya Beltway, asipate pa kukimbilia. Nikamweleza kwamba watu wa mnyama mmoja ni damu moja, hawaoani. "Mom, it's a logo." Akacheka. Kisha akalia – tangu tumzike baba yake sijamwona akilia vile.

Ethan naye akamwambia mzee wake. Tulitegemea atahuzunika. Wapi! Wayne amenipigia mwenyewe, furaha tupu: kwa hiyo sisi ni jamaa! Anauliza atuandike upande gani wa karatasi.

Jumamosi, 8 Machi

Kikao cha wazee Kapsabet, mimi kwenye spika. Wamejadili na kujadili kama simba wa wazungu ni simba yule yule. Mmoja wao, simjui, akauliza huko Uingereza simba walitoka wapi. Swali zuri! Hakuna aliyejua. Mwingine akasema labda walihadithiwa tu. Mzee Birgen akafunga mjadala: mnyama ni mnyama. Kijana akiwa na mwingine, amlete. Akiwa hana, tuagane vizuri.

Nikamwomba Wayne aseme tu kwamba simba ni pambo. Weh! Akanijibu, kwa adabu sana, kwamba simba huyo ni wao kwa miaka mia nane, na hawezi kumkana babu yake kwa ajili ya lunch.

Lunch! Ndivyo anavyoiita posa.

Alhamisi, 13 Machi

Ethan haongei na baba yake. Abigail haongei na mimi. Mimi naongea na Mungu, na Yeye pia kimya.

Jumapili, 16 Machi

Haya, makubwa.

Jana Abigail alimchukua Wayne wakaenda maktaba ya chuo kikuu, College Park. Alimwambia: hebu nionyeshe watu wako mmoja mmoja, tusiruke hata mtu. Wakakaa humo na vitabu vizito. Wakamkuta Fitz Gosbert wa mwisho – hakupata mtoto wa kiume. Alikuwa na binti mmoja, Mabilia. Mabilia akaolewa na Hugo, mchunga nguruwe wa ngome! Hugo akachukua jina la mkewe ili arithi mashamba. Wayne alikuwa amepita hapo miaka yote. Aliona jina ni lile lile, akaendelea na safari.

Na mtoto kwetu ni wa ukoo wa baba. Kwa hiyo Ethan si simba hata kidogo! Ni wa Hugo, wa nguruwe! Abigail alipiga kigelegele, maktaba nzima ikageuka. Kisha akamwona Wayne uso umesawijika.

Leo baada ya kanisa nimempelekea chapati na chai kwake Greenbelt. Nimemkuta kwenye ngazi za mlango, hajanyoa. Akaniambia alianza kutafuta ukoo mwaka aliofiwa na mkewe. Nyumba ilikuwa kimya mno. Akina Gosbert ndio waliokuwa wakikaa naye. "Nilikuwa kabaila," akasema. "Sasa mimi ni mtu wa nguruwe."

Nikamwambia Mabilia bado ni bibi yake, hakuna anayemnyang'anya. Akala chapati moja. Akala ya pili. Halafu akauliza kama harusi itakuwepo.

"Ukikubali nguruwe," nikasema.

Akatazama barabara. Ethan anampenda sana huyo msichana, akasema. Akachukua chapati ya tatu.

Jumamosi, 22 Machi

Naandika nikiwa chooni. Nimefunga kwa ufunguo.

Sebule imejaa watu wa posa. Kapsabet wako kwenye TV, wazee wamejipanga na makoti. Mzee Birgen ameuliza mnyama wa ukoo ni nani. Mimi ndiye mkalimani. Wayne akasimama, suti nyeusi, akakohoa, akasema kwa sauti ya mtu anayekabidhi ngome: "Pig."

"Nguruwe," nikasema.

Wakainamiana. Wakanong'ona. Nikaona vichwa vinakubali. Abigail akanishika mkono. Ndipo yule mzee nisiyemjua akachomoza kofia yake kwenye kioo: nguruwe wa kufugwa au wa msituni? Maana wa kufugwa, anasema, hahesabiki. Huyo ni kitoweo.

Nikamtafsiria Wayne. Macho yake yakawaka! Na mimi najua, Abigail anajua, Mungu anajua: Hugo alichunga nguruwe wa zizini.

Nikasema samahani, tumbo.

Abigail anagonga. "Mom. Mom! They're waiting."

Namsikia Wayne nyuma yake, anamweleza Ethan kwamba ngome ile ilizungukwa na msitu. Msitu mnene. Mtu wa kwenda huko peke yake na mkuki lazima awe na moyo! Sauti inapanda. Ameshamvisha Hugo chuma, amempandisha farasi.

"Wild," anasema, yaani wa msituni. "Tell her to say wild."

Na Mzee Birgen, kule kwenye TV, anauliza Mama Abigail yuko wapi.