Bata Bukini Aliyetamia Ukumbini

Wuhan, mwezi wa tano

Kaka Baichuan,

Pokea salamu zangu. Natumaini baridi ya mlimani haijakurudishia kile kifua, na wenzako hapo hekaluni wazima. Sisi hatujambo, ila Baba na magoti yake.

Maonyesho yangu yamefunguliwa. Nimeingiza kwenye ukumbi wa makumbusho mbuzi wawili, kobe na bata bukini kadhaa, bila vizimba, wageni wapite katikati yao. Ukutani niliandika yale uliyonifundisha kuhusu Tao: kutolazimisha, kuacha kila kitu kishike njia yake. Baba alikuja siku ya kwanza kuniambia kwamba alinisomesha bure.

Akiwa palepale, bata mmoja, aliyekuwa akitaga mlangoni tangu tulipowaingiza, akaanza kutamia. Mkurugenzi, Bibi Luo, akataka aondolewe, watu wanabanana. Nami, Kaka, mwenye maneno yale ukutani, nikainama kumbeba, maana alikuwa ameniharibia mpangilio wote. Baba akanishika mkono. Akamwambia Bibi Luo kwamba mlango wa pili upo na wageni wana miguu. Kisha akavuta kiti, akakaa.

Tangu hapo akawa anakuja kila asubuhi. Mwalimu mstaafu wa hesabu, anawanyamazisha wageni kama wanafunzi wake. Nilimweleza kwamba bata wote ni majike, mayai yale hayataanguliwa.

“Yeye hajui,” akasema. “Mwache achoke mwenyewe.”

Juma lililopita bata aliinuka, akajikung’uta, akaenda kunywa maji, wala hakugeuka nyuma. Nilidhani Baba atacheka. Alibaki kuyatazama mayai, kisha akasema polepole:

“Kaka yako nilimvuta sana ashike njia yangu. Siku anaondoka nilimwambia asirudi kwangu. Ningenyamaza tu, mwaka mpya angekuwa anakuja kula nasi.”

Miaka yote hii, Kaka, hajawahi kulitaja jina lako mbele yangu. Akanikataza nisikuambie. Nilimwitikia ndiyo, na nilipofika nyumbani nikaanza kuandika.

Sikuiti, na yeye hajui kama nimekuandikia. Ila maonyesho yanaendelea hadi mwisho wa mwezi wa sita, na Baba bado anakwenda kila asubuhi, anakaa na mbuzi. Ukipita, utamkuta.

Wasalimie wote hapo hekaluni, na kifua ukifunike.

Mdogo wako,
Yuqiao