Mashine ya Mapokezi Imekataa Cheti

Jumatatu, 6 Juni 2005

Baridi ya Juni. Sweta mbili chini ya koti la kazi na bado natetemeka.

Umeme ulikatika alfajiri, kwa hiyo kazi ya kwanza ni ile ile: kuiwekea saa mashine ya mapokezi. Betri yake ya ndani ilikufa zamani. Umeme ukiondoka inasahau siku na saa. Nimetazama saa ya mkononi, nimeandika, imekubali. Sista Gaudensia alinielekeza mara moja tu mwaka jana na tangu hapo naifanya mwenyewe. Karani wa masjala, darasa la saba, mama wa mapacha. Halafu wanasema kompyuta ni za vijana.

Saa nne Katibu wa hospitali akanituma. Anataka orodha ya walioingia kwenye mashine ya mapokezi wiki ya mwisho ya Mei. Sababu naijua. Majibu ya kipimo cha mgonjwa mmoja, kijana wa wafugaji kutoka bondeni, yamesikika sokoni. Ni kile kipimo ambacho watu wakikitaja wanashusha sauti.

Nimechapa. Alhamisi tarehe 26, 02:40, jina la Oresta, nesi wa wodi ya wanawake. Faili la kijana limefunguliwa hapo hapo. Katibu kasoma: saa nane na dakika arobaini usiku. Kaangalia zamu. Oresta alikuwa zamu ya usiku.

Mchana kapewa barua. Kikao ni Ijumaa ya wiki ijayo. Akionekana ana kosa, kazi hana, na leseni ya unesi huenda ikaondoka nayo.

Jumanne, 7 Juni

Oresta kaja masjala kuniapia kwamba hakulifungua faili lile. Nilikuwa na kalamu mkononi na sikuiweka chini.

Sikumwamini. Naandika hapa kwa sababu sitamwambia mtu. Karatasi niliitoa mimi na karatasi haina chuki na mtu.

Wakati wa chai Ferdinandi, mtunza stoo, kasema wazi kwamba binti yule hana kifua. Wengine wakaitikia. Na mimi nikaitikia.

Alhamisi, 9 Juni

Sista Gaudensia kafika. Katibu ndiye aliyemwita, aangalie kama kompyuta zetu zinavuja.

Niandike kidogo juu ya huyu mwanamke. Mzaliwa wa Kasense, baba yake analima mahindi na ulezi hadi leo. Alianza kwa kutengeneza redio za upepo za parokia, zile za kuitana kwa mbali, akapanda milingoti na gauni lake la kitawa. Kompyuta alijifunza kwenye vitabu, akaziwekea zetu programu ya Linux kwa sababu haidai leseni na hospitali haina kitu. Yeye ndiye aliyetuwekea seva, ile mashine ya ofisini kwa Katibu yenye daftari la majina na maneno ya siri ya watumishi wote. Ukiingia kwenye mashine yoyote, ya wodini au ya stoo, inaiuliza seva kwanza kama ni wewe.

Leo kachomeka kompyuta yake ndogo kwenye waya wa korido. Kamwomba Katibu aingie kwenye mashine yake kama kawaida. Katibu kaingia. Sista kaandika kitu kwenye kipande cha karatasi, kakikunja, kampa. Katibu kafunua, uso ukambadilika. Lilikuwa neno lake la siri, herufi kwa herufi.

Sista hakutamba. Kasema kosa ni lake, aliunganisha mashine na seva miaka mitatu iliyopita bila kificho, akidhani ndani ya ukuta wa hospitali sote ni ndugu. Maneno ya siri yanapita kwenye waya uchi, na mwenye ujuzi kidogo anayadaka. Mtu mzima kukiri hivyo mbele ya bosi, bila kuulizwa. Nimempenda bure.

Katibu kamjibu kwamba hayo sawa, ila saa nane usiku nani mwingine alikuwa macho pale mapokezi? Kikao kiko pale pale.

Jumamosi, 11 Juni

Tumeshinda tukitayarisha mashine zote kumi na nne. Mimi nabeba diski, Sista anaandika. Kanieleza hivi. Jumatatu atatengeneza cheti, kitambulisho cha seva. Mashine itakapotaka kupeleka neno la siri, kwanza itadai cheti. Itakagua kama aliyetia sahihi inamjua, kama jina ni la seva yetu, kama muda wa kuanza kutumika umefika na wa mwisho haujapita. Ikiridhika, yote yatakayosemwa baada ya hapo yanafungwa kwa kificho. Ukiyadaka huambulii kitu.

Nikamuuliza kwa nini ukaguzi wote huo, si ingetosha kificho tu? Kaniuliza kama naweza kumnong'oneza siri mtu gizani kabla ya kujua ni nani.

Ana vidole vifupi na haandiki haraka. Kila mstari anausoma tena kabla ya kubonyeza. Mchana tumekula mahindi ya kuchoma tumesimama.

Jumatatu, 13 Juni

Siku mbaya, halafu ya ajabu.

Saa tatu kamili asubuhi Sista katengeneza cheti kwenye seva. Wodi ya wanawake imekubali. Maabara imekubali. Stoo, famasi, ofisi, zote. Mapokezi imekataa. Inasema cheti hakifai.

Karudia. Kabadilisha waya. Kaandika upya kila kitu. Imekataa. Foleni ya wagonjwa hadi nje kwenye jua, tunaandikisha kwenye daftari la karatasi kama zamani. Mzee mmoja kauliza kama mashine nayo imelazwa.

Saa sita Katibu kaja amekasirika. Kampigia simu jamaa yake wa Mbeya, siku hizi kila mtu ana simu na kila mtu ana jamaa. Jamaa kasema jambo dogo: kuna neno moja, ukiliandika mashine inaacha kukagua cheti. Inapokea chochote. Andika hilo, wagonjwa wahudumiwe.

Sista kasema neno hilo analijua.

"Sitaliandika, Katibu. Mashine inaniambia kuna kitu hakiko sawa. Nikiinyamazisha, kitu hicho kitabaki na sisi hatutakijua."

Kasema taratibu kabisa, mikono kwenye magoti. Katibu mwenye magari mawili na wajumbe wa bodi nyuma yake kageuka kaondoka. Mimi ningeliandika. Ningeliandika asubuhi ile ile.

Saa tisa alasiri kajaribu kwa mara sijui ya ngapi. Imekubali. Hakuna kilichobadilishwa. Nikapiga makofi, mapokezi yote ikapiga makofi.

Sista hakupiga. Kasema kitu kinachojiponya chenyewe yeye hakiamini. Kavuta kiti, anaitazama ile mashine. Kisha kaniuliza pale kwenye kona inaonyesha saa ngapi. Nikamwambia saa tisa. Kaniuliza ya mkononi kwake naionaje. Mshale mfupi kwenye tatu. Nikamwambia saa tisa, mbona.

"Mama Kulwa, hii mashine nani anaiwekea saa?"

Mimi.

Kacheka mpaka shela ikateleza. Kompyuta, kasema, inahesabu siku kuanzia usiku wa manane. Saa mbili yetu ya asubuhi kwake ni nane. Mimi nimekuwa nikiiandikia mbili. Iko nyuma saa sita. Cheti kimezaliwa saa tatu asubuhi, mapokezi ikadhani bado ni usiku na cheti hakijaanza kutumika. Imekataa kwa haki. Ilipofika saa tisa alasiri, ndipo kwake ikawa saa tatu asubuhi.

Na kweli, mwaka mzima naiona kwenye kona ile inaonyesha mbili ikiwa saa mbili, na moyo unatulia. Nimeona aibu, nimecheka pia. Kwa kuchelea wagonjwa wa jioni tukakubaliana atairekebisha kesho.

Nilikuwa nasonga ugali nyumbani ndipo mwiko ukasimama. 02:40. Ile karatasi ilitoka mashine ile ile.

Haikuwa usiku. Ilikuwa saa mbili na dakika arobaini asubuhi.

Jumanne, 14 Juni

Alhamisi ya tarehe 26 asubuhi Oresta hakuwepo hospitali kabisa. Alitoka zamu, akapanda gari la kliniki ya mkoba saa moja kwenda kumwona mama yake huko Muze, bondeni. Nilimpungia mkono mimi mwenyewe. Saa mbili na dakika arobaini walikuwa wanateremka mlima wa Lyamba lya Mfipa.

Na saa hiyo, kabla sijafungua masjala, chumba cha mapokezi ni changu. Saa mbili na nusu nakwenda sala ya watumishi, mlango naurudishia bila kufunga. Hakuna wa kunishuhudia kwamba sikuchelewa sala. Kila siku nakaa benchi la nyuma.

Nikisema, Oresta anatoka na mimi naingia. Kulwa na Doto wako kidato cha pili.

Sista karekebisha saa asubuhi. Ile karatasi hajawahi kuiona. Katibu kaisoma, haijui saa ya mashine. Ninayejua yote mawili ni mimi peke yangu.

Jumatano, 15 Juni

Sikusema.

Alhamisi, 16 Juni

Oresta kapita koridoni, kanisalimia. Shikamoo mama. Kesho anapoteza kazi na bado ananipa shikamoo. Sikuitikia.

Nikaenda moja kwa moja kwa Sista, alikuwa anafunga vifaa vyake kwenda kutengeneza redio ya parokia Kipili. Nimemwambia yote, na mlango, na sala, na jana. Nilidhani atasema nisubiri. Kaweka begi chini, kasema twende.

Kwa Katibu nimesema nimesimama. Kamwita dereva wa kliniki, Mzee Didas, na daftari la safari. Limeandikwa: Muze, kutoka saa moja asubuhi, abiria Oresta. Katibu kaishika ile karatasi yangu muda mrefu. Halafu kaniuliza nilichokuwa nakiogopa. Na wewe, saa hiyo ulikuwa wapi?

Nikasema sala. Nikasema mlango siufungi.

"Tusibahatishe tena," Sista kasema. "Tulibahatisha mara moja, tukamwandikia mtu barua."

Kaomba nusu siku. Kachukua mashine moja moja, kaanza na ya kwangu, mbele yangu. Nimemheshimu kwa hilo. Mashine ya kumi na moja ilikuwa ya stoo. Ndani yake kulikuwa na programu ndogo ya kusikiliza waya na faili la majina na maneno ya siri. Watu tisa. Mimi mmojawapo. Oresta wa kwanza.

Ferdinandi haendi sala kwa sababu asubuhi anapokea mizigo. Sote tunajua. Hatukuwahi kufikiri. Likizo ya mwaka jana alisoma kompyuta Mbeya, akarudi na cheti chenye fremu.

Safari ya Kipili Sista kaiahirisha.

Ijumaa, 17 Juni

Kikao kimekaa, ila juu ya mtu mwingine.

Ferdinandi hakukana. Kijana wa bondeni alikuwa amchumbie mdogo wake aliyeko Kipili. Alitaka kujua tu, kasema. Akamwambia mkewe peke yake. Mkewe akamwambia dada yake anayeuza mchele sokoni. Kalia. Nimemhurumia na nimemchukia kwa wakati mmoja. Amesimamishwa. Kwa kijana yule hakuna wa kumrudishia kilichotoka, hata Sista hana waya wa kurudisha hilo.

Mimi nimepewa onyo la maandishi kwa ajili ya mlango. Ni haki. Juu ya saa hakuna aliyeniandikia kitu. Sista kawaambia wajumbe kosa la saa ni letu sote, hata yeye alinielekeza bila kunieleza. Nje kaniambia pembeni kwamba kunyamaza Jumatano ndiko kulikuwa kwangu peke yangu, na nikae nako. Nakaa nako.

Katibu kamwomba Oresta radhi mbele ya kikao. Mimi nilimwomba nje, karibu na tangi la maji. Kanisikiliza mpaka mwisho, kaitika kwa kichwa, kaenda wodini.

Jumatatu, 27 Juni

Baridi imepungua kidogo. Umeme ulikatika usiku na kurudi. Sikuigusa saa. Sista kazifundisha mashine zote kuchukua saa kwa seva kila zinapoamka. Alhamisi alikwenda Kipili kwenye redio yake na basi la asubuhi, kabeba begi mwenyewe, hakutaka asindikizwe. Sijui kama atapata kujua ninavyomwona.

Mashine ya mapokezi inaonyesha 08:20 ikiwa saa mbili na dakika ishirini. Jicho langu bado halijazoea.

Kengele ya sala. Nimefunga mlango, ufunguo mfukoni. Nikamkuta Oresta koridoni, anatoka zamu ya usiku, macho mekundu. Siku kumi hatujasema zaidi ya salamu. Kasimama, katazama mkono wangu wenye saa.

"Shikamoo mama. Saa ngapi kwako?"

Marahaba, nikasema. Saa mbili na nusu.

Kacheka, kaenda zake kulala.