Dola Zilizopigwa Cherehani

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako upesi, maana kesho asubuhi wifi yangu atapiga simu tena na mimi uongo umeniishia.

Mimi ni fundi cherehani, duka letu ni la watu wawili, mimi nashona na wifi anapima wateja na kuwabana walipe, tukakubaliana nisafiri nje nikanunue mashine ya kudarizi, akauza friji lake la soda ili hela itimie, basi nikabadilisha zote kuwa dola, nikaogopa wezi wa safarini, nikazificha ndani ya bitana ya koti, na kwa kuwa mimi ni fundi sikushona kwa mkono, nilipitisha cherehani, mshono mara mbili, noti baada ya noti, zisichezecheze. Hakuna mwizi aliyezigusa. Nilipofika nikafumua bitana, kila noti ina msururu wa matundu katikati.

Kwenye duka la kubadilishia fedha, mama wa dirishani aliinua moja kwenye taa, akamwita mwenzake naye aone, wakanirudishia kwa adabu. Muuza mashine hataki dola, anataka hela ya kwao. Nje kuna bwana mwenye kibegi kiunoni anayesema atazichukua kwa nusu bei. Wifi alipouliza mashine iko wapi nikamwambia dola imeshuka, nasubiri ipande, sasa kila asubuhi anasikiliza redio kisha ananipigia, "Wifi, leo imepanda, badilisha!" Na kweli imepanda. Jana akasema, "Una moyo wa biashara wewe, mimi ningeshabadilisha kwa hasara." Nililia bafuni. Je, nimpe huyu bwana, au nisubiri? Tafadhali usinitaje jina.

*

Dada fundi, jina sikutaji, ingawa kwa mtu aliyepiga dola cherehani sijui kama itasaidia.

Pole sana. Uko ugenini, umechanganyikiwa, nakuonea huruma. Lakini unasubiri nini? Dola ipande mpaka darini, noti isiyopokelewa haipandi nayo. Bwana wa kibegi achana naye kabisa, huenda akakulipa kwa noti za bandia na hutakuwa na risiti wala pa kulalamika. Nenda benki kubwa, siyo dirisha la mtaani, uliza kama wanapokea noti zilizoharibika na wanakata kiasi gani. Wakikataa, rudi nazo ukaulize benki za nyumbani. Utarudi mikono mitupu, utaona aibu, hutakufa. Safari nyingine, hela ya mashine itumwe kupitia benki. Ya kula na kulala ndiyo ubebe mkononi, igawe sehemu mbili, iweke kwenye bahasha bila kuikunja, na sindano uiache dukani.

Kuhusu wifi, hapo umeniudhi. Mtu kauza friji lake kwa kukuamini, wewe unamhangaisha na bei za dola kama mwenye benki. Nilitaka kukuambia umweleze leo, kwa mdomo wako mwenyewe.

Ila nadhani nimechelewa. Bei za dola husomwa kwenye redio hii hii, dakika chache kabla ya kipindi changu. Basi wewe uliyeuza friji, najua bado hujazima. Simu ikilia sasa hivi, pokea. Anakuogopa wewe kuliko alivyowaogopa wezi, na hela zako zote anazo.