Mkono wa Mama Uliochambua Maharage

Mjukuu wangu Neema,

Mwakeye, nakusalimu kwa lugha yetu huko Mwanza. Hapa Titye mimi ni mzima. Shangazi yako amehamia Kibondo kwa mumewe, nimebaki na kuku.

Uliniuliza kwenye simu kama mkono wangu uliopigwa na kiharusi utarudi kweli, au yule mtaalamu wa mazoezi wa Kasulu ananifariji tu anaposema ubongo hujifunza njia nyingine ukirudiarudia.

Nilipokuwa msichana, mama yangu alipooza mkono wa kulia. Nilimlisha, nikamvika, nikamchana nywele, na majirani wakanisifu. Siku moja mvua ilinichelewesha sokoni. Niliporudi nilimkuta amekaa chini, anachambua maharage kwa mkono ule mgonjwa, mengi yamemwagika. Nikakimbilia kumpokea bakuli.

“Niachie, mwanangu,” akasema. “Ukinifanyia kila kitu, mkono huu utasahau kazi.”

Niliumia, nikadhani hanihitaji tena. Lakini nilimwachia, na kila siku akachambua kidogo. Mavuno yaliyofuata alikuwa anashika kikombe mwenyewe, ingawa vidole havikunyooka vyote.

Mimi sina wa kunifanyia, na pengine ndiyo maana mkono wangu unajitahidi. Jana nilifunga kifungo cha blauzi kwa mkono huo, baada ya kujaribu asubuhi nzima. Nilifurahi, nikageuka nimwambie mtu. Hapakuwa na mtu.

Basi nimekuandikia wewe.

Bibi yako