Mkono Mmoja Chini ya Kreni

Jumatatu, 3 Machi

Miaka saba nimesimama kwenye geti la kiwanda cha chuma kila asubuhi nikingoja supavaisa Kiptanui anyooshe kidole — wewe, wewe, na wewe wa kofia. Leo ameniita kwa jina. Nikadhani nimekosa.

Kumbe Kahiga amekataliwa. Alikuwa mpiga ishara wa kreni kubwa, ile inayobeba sufuria ya chuma kilichoyeyuka kutoka tanuruni hadi mahali pa kumimina. Tunaiita sufuria, lakini ingemeza ng'ombe wawili na ndama. Dereva amekaa juu, karibu na mabati, ndani ya kibanda cha vioo. Haoni chini ya sufuria. Anamwona mpiga ishara tu na anafuata mkono wake. Anajibu kwa honi. Moja, nimeelewa. Mbili, sikubali.

Dereva ni Chepchirchir. Kahiga ni wa nne kukataliwa naye.

Nitajaribiwa hadi Ijumaa ya wiki ijayo. Chepchirchir akiniwekea sahihi, naandikwa kazi ya kudumu, na mke wangu Adongo anaweza kuja tukae nyumba moja badala ya kuishi kijijini Ugenya kama mjane wa mtu aliye hai. Akikataa, narudi kupakia vyuma chakavu.

Nimempigia simu Adongo. Akasema, kazi ya kupunga mikono? Hiyo si ulizaliwa nayo?

Jumanne, 4 Machi

Leo sufuria tupu, ya kujifunzia. Kidole juu ukikizungusha — inua. Kidole chini — shusha. Mkono umenyooka, kiganja kikitazama chini — simama. Mikono imefumbatwa tumboni — kila kitu kitulie hapo hapo. Rahisi. Mtoto wa nasari angeweza.

Saa nne Ooko wa tanuruni akaniuliza kama mvua imeshika nyumbani. Nikamweleza. Mto uko huku, shamba liko kule, maji yalipanda hivi, yakashuka hivi. Nikasikia honi moja juu. Sufuria ikaanza kuja.

Kwa mikono yangu mwenyewe nilikuwa nimemwambia Chepchirchir asogee upande wetu, ainue, kisha ashushe juu ya Ooko. Ooko aliruka hadi kwenye lundo la mchanga. Ana miaka hamsini na mbili.

Kiptanui akasema, "Boss, hapa ukiongea, ongea na mdomo."

"Sisi watu wa ziwa ukitufunga mikono tunakuwa bubu," Ooko akamjibu kutoka mchangani. Sijui alikuwa ananitetea au ananitukana.

Alhamisi, 6 Machi

Siku mbili natembea na mikono mfukoni. Leo nzi alikaa kwenye pua yangu akajinyoosha kama mwenye nyumba. Nikamwacha. Kumfukuza ni kumwambia Chepchirchir aende upande wa kulia.

Hata nje ya kazi naogopa. Asubuhi mwenye duka ameuliza nataka mkate upi, nikaonyesha kwa kidevu. Adongo anasema sauti yangu kwenye simu imekuwa ya askari. Nikamwambia ni kwa sababu nimeikalia mikono.

Honi mbili: mara sita leo. Mara ya sita sikuwa nimefanya ishara yoyote. Alikuwa ananikataa tu kwa jumla.

Ijumaa, 7 Machi

Chuma moto, mara ya kwanza. Joto linakupiga kifuani kabla hujaiona sufuria. Ikitokea, watu wote wananyamaza. Hata Ooko.

Niliipeleka vizuri hadi katikati ya njia. Hapo ndipo nilipoangalia ule mwanga na kufikiria, Omolo, hii yote inakutegemea wewe uliyeacha shule darasa la saba. Nikaanza kusali. Sikufumba macho, namshukuru Mungu, lakini nikisali huwa nafumbata mikono tumboni. Honi moja. Kreni ikatulia tuli.

Mimi nikadhani imeharibika. Nikazidi kusali.

"Umefika mkate wetu wa kila siku?" Ooko akaniita. "Ruka uende Amina, chuma kinaganda."

Jumapili, 9 Machi

Nimekutana na Chepchirchir sokoni Kaptembwo. Miaka saba namwona kuanzia kifuani kwenda juu, nyuma ya kioo. Leo nimeona ana miguu. Ni mfupi. Alikuwa amevaa sketi ya kanisa na kandambili.

Akanitazama. "Ni wewe wa maombi?"

"Ni mimi, mama."

"Mkono wako wa kushoto ni mwongo."

Nikauficha nyuma.

"Wa kulia unasema simama, wa kushoto unasema karibu chai. Mimi nitasikiza upi? Wa kulia uongee. Wa kushoto ulale."

Nikamwuliza mbona aliwakataa wale wanne. Akapima kabichi mkononi kabla ya kujibu. Kahiga alikuwa anaangalia simu. Mwingine alipunga kama anafukuza kuku. Wawili walikuwa wanasimamia pamoja, kila mmoja na ishara yake, wote wakiwa sahihi.

Kisha akaniambia jambo ambalo sikuwa nimeuliza. Kwao Keringet walikuwa wanalima na fahali wawili. Siku moja baba alipiga kelele upande huu, mjomba upande ule. Fahali mmoja akamsikiza baba, mwingine akamsikiza mjomba. Plau ikakata mguu wa kaka yake. Anatembea na fimbo mpaka leo.

"Tangu hapo nasikiza mtu mmoja," akasema. "Hata awe mjinga. Mjinga mmoja ni afadhali kuliko werevu wawili."

Nikaona nafasi. Nikamwuliza, kwa heshima, kama ataniwekea sahihi.

Akageukia mama mboga. "Hizi kabichi umechuma lini?"

Jumatano, 12 Machi

Mkono wa kushoto nimeuingiza kwenye mshipi wa suruali tangu Jumatatu. Ooko anasema nasimama kama mtu aliyekuja kuomba mchumba na hana ng'ombe.

Lakini leo sufuria tano za moto, na honi mbili hakuna. Hata mara moja. Ya mwisho nilipomwonyesha shusha polepole, alishusha polepole mpaka nikasikia aibu, kama mtu anayesikizwa mno. Adongo hajawahi kunisikiza hivyo. Hilo sitamwambia.

Ijumaa, 14 Machi

Saa tano na robo asubuhi. Naandika kwenye benchi nje ya stoo. Nimefukuzwa kutoka chini ya kreni, sijui kama ni kwa leo au kwa maisha.

Mkurugenzi alikuja na wageni wanne, kofia mpya, lebo bado juu. Sufuria ilikuwa imejaa, iko katikati ya njia. Wageni wakavuka mstari wa njano ili wapige picha. Nikanyoosha mkono: simama. Kreni ikasimama.

Mkurugenzi akasema mbona imesimama, wageni wanataka kuona kazi. Akamtazama Chepchirchir na kumpungia njoo, njoo, kama anaita bodaboda.

Honi mbili.

"Huyo anasema nini?"

"Anasema hapana, mzee."

Ooko akageuka haraka kuangalia tanuru.

Nikamwambia, kwa upole wote nilionao, awaombe wageni warudi nyuma ya mstari. Mkono wangu bado umenyooka. Akauliza huyu ni nani. Kiptanui akaangalia viatu vyake, akasema ni kibarua, yuko kwa majaribio. Mkurugenzi akasema majaribio yameisha, Kiptanui ashike nafasi yangu.

Nikasema siwezi kushusha mkono mpaka mwingine anyooshe wake. Basi Kiptanui akaja akasimama kando yangu, akanyoosha wake, mimi nikashusha wangu. Tulionekana kama wapumbavu. Wageni walikuwa wamesharudi nyuma ya mstari wenyewe. Nadhani walisikia joto.

Nikatoka. Nikakaa hapa. Nilifikiria jinsi ya kumwambia Adongo.

Kisha honi mbili.

Nikahesabu moyoni: hapo Kiptanui amemwonyesha aendelee. Honi mbili. Hapo amejaribu tena. Honi mbili. Njia iko wazi, ishara ya Kiptanui ni safi, yeye ndiye aliyenifundisha. Chepchirchir anakataa tu. Na chuma hakingoji mtu. Kikiganda ndani, sufuria ni jiwe, na yeye huko juu atakuwa hana kazi.

Saa tano na dakika ishirini. Nimesimama ili nirudi bila kuitwa. Mlinzi wa stoo ameninong'oneza nitulie, kuna mtu anakuja.

Si Kiptanui. Ni mkurugenzi mwenyewe, anakimbia, kofia mkononi, tai imeruka begani. Sijawahi kumwona akikimbia. Hakimbii vibaya.

Amefika. Anahema. Hajui jina langu, anasema wewe, wewe. Anasema yule mama amekataa kila mtu, anaonyesha benchi hii kwa kidole kupitia kioo. Anauliza naandika nini saa hii.

Honi mbili tena. Nampa kalamu anishikie, nivae glavu