Mwalimu wa Kiingereza Hanisemeshi Kiingereza

Jumapili, kijijini Moa. Joto la kunata. Kuku wamelala uvunguni mwa kitanda cha kamba midomo wazi, na mimi nimenuna kuwashinda.

Nimemnunia mwalimu. Mwenyewe hajui, maana kila nikimnunia namkaribisha kahawa.

Mwalimu huyu anaitwa Emma. Katoka Ulaya, anafundisha Kiingereza shule ya msingi hapa kijijini, kapanga nyumba ya tatu kutoka kwangu. Binti mzuri, hana maringo. Kila alasiri anapita barazani kwangu, anavua viatu, shikamoo babu, anakaa. Halafu anaanza: habari za leo, habari za bibi, habari za mguu wako, habari za mbuzi. Mbuzi tulishamla tangu Idi, lakini namjibu ni mzima, kwa sababu salamu ile kaipata kwa taabu.

Yeye anataka Kiswahili. Mimi nataka Kiingereza. Tunakaa pale kila siku, anapata yeye tu.

Kiingereza cha nini na uzee huu? Nina mjukuu, Rukia, miaka saba, kazaliwa Uingereza, na Kiswahili mamaye, binti yangu, hakumpa. Kila Jumapili wananipigia simu ya video; mamaye akishanisalimu, anamwachia mtoto simu, anakwenda zake jikoni. Mimi shule niliiacha darasa la nne, na mwalimu wangu alifurahi kuliko mimi. Ninachojua ni "gudi". Mtoto anasema maneno mia, namjibu gudi. Zamani alikuwa anaijia simu mbio. Siku hizi namsikia mamaye akimwita mara tatu.

Hilo ndilo linaloniuma.

Utasema, si umwambie mwalimu akufundishe? Basi wewe si mtu wa pwani. Mgeni kakaa barazani kwako, umempa kahawa, halafu umtwishe kazi? Kwetu mtu unamwonyesha tu, ajiongeze mwenyewe. Nikanunua daftari na penseli, nikaviweka mkekani mbele yake, nikavaa miwani, nikalikodolea macho lile daftari kama mtu wa mtihani. Emma akalipokea kwa mikono miwili: "Asante sana kwa zawadi, babu!" Sasa limejaa maneno yake ya Kiswahili. Mke wangu, Bi Zuhura, alicheka mpaka akakaa chini.

"Mdomo wako kwangu mimi haufungi," akaniambia. "Kwa mwalimu umeshonwa?"

Leo simu imelia Emma yupo. Rukia katokea kwenye kioo, nikasema gudi, tukatazamana. Nikaona aibu, nikampa mgeni simu. Loo! Wakaongea, wakacheka, mtoto akaonyesha pengo la jino, wala sikujua limeng'oka lini. Mimi niko pembeni nachekacheka, kama mtu aliyeingia harusi isiyo yake. Mara mamaye akamwita akale, simu ikakatika.

Emma akanirudishia simu. Akafunuafunua daftari, anatafuta maneno.

"Babu, Rukia ameniuliza kitu. Kwa nini babu amemkasirikia? Anasema, babu anasema neno moja tu, halafu ananyamaza."

Nikatua kikombe.

Pale pale ndipo pa kusema. Mgeni mwenyewe kanifungulia mlango. Na mimi, mzee mzima, ninayetania watu mpaka wakiwa njiani kwenda kuzika, nikamwambia nini?

"Mwalimu, ongeza kahawa."

Akaongeza. Kisha akaandika "ongeza" kwenye daftari langu.

Ameondoka. Bi Zuhura kanitazama, safari hii hakucheka. Afadhali angecheka.

Nimekasirika, ndiyo, lakini si kwa mtoto. Nimejikasirikia mimi, na haya mambo yangu ya kungoja mtu aotee kilichomo moyoni mwangu. Mtoto wa miaka saba, ng'ambo huko, anakwenda kulala anadhani babu yake hamtaki. Kwa sababu ya adabu!

Kesho simngoji barazani. Namfuata mwenyewe mlangoni kwake, na siulizi habari za mtu. Namwambia kavukavu: nifundishe jambo moja tu. Nifundishe kumwambia mtoto babu hajakasirika, babu hana maneno.

Hayo kwa Kiingereza yatakuwa maneno mangapi? Na siku saba zitanitosha?