Nusu ya Mkopo wa Mashine

Mjukuu wangu Deo,

Marahaba. Mama yako amepona homa, na mahindi ya huku Sumbawanga yamestawi. Shangazi yako ndiye anayeniandikia, mimi kalamu siijui.

Aliponisomea barua yako kuwa wakopeshaji wamekunyima mkopo wa mashine ya kusaga, wakakupa nusu yake kwa riba ya mkopo mzima, roho iliniruka. Kisha akasoma kuwa hujaweka sahihi. Nikashusha pumzi, nikaomba chai.

Ujanani niliteremka Mtowisa kwa mfugaji mmoja, kuazima maksai wawili wa kulimia. Akasema, "Binti, wawili sikupi. Chukua mmoja, ila ukivuna nilipe magunia ya wawili."

Nikashika kamba nikiwa na furaha. Njiani nikasimama. Plau inakokotwa na wawili. Huyu angekula tu na kunitazama. Nikamrudisha.

"Unaringa," akaniambia.

"Siringi, baba. Mmoja halimi."

Nililima kwa jembe, shamba dogo, na mavuno yote yakawa yangu.

Siku hizi serikali imeruhusu kila mtu afungue mashine yake, vizuri. Lakini hiyo nusu inanunua mashine inayosaga, au chuma cha kukalia? Kama haisagi, warudishie karatasi zao, uje nyumbani ule ugali wa ulezi.

Bibi yako anayekupenda kuliko hao wakopeshaji.